Majina Manne Kabla ya David

Jumanne, 22 Februari 1306

Habari imefika leo. Mchuuzi wa chumvi ndiye aliyeileta, akaisema huku anakunywa bia yetu, kama anayesema njia ina matope. Siku kumi na mbili zilizopita, kusini huko Dumfries, Bruce na Comyn waliingia kanisani kupatana nani akalie kiti cha ufalme. Wameingia wawili, ametoka mmoja. Aliyetoka ni Comyn, bega limechanwa. Bruce amebaki sakafuni mbele ya altare. Nani alianza kuchomoa kisu? Kila mtu ana lake. Mchuuzi mwenyewe alikuwa na hadithi mbili kabla kikombe hakijaisha.

Mume wangu Gilbride alikuwa nje ya mlango wa kanisa lile, ameshika farasi wa Bruce.

Nilimuuliza mchuuzi juu ya watu waliokuwa nje. Akachungulia ndani ya kikombe. Wengine wameuawa, akasema, wengine wamekamatwa, wengine wako milimani. Shangazi Mariota akaniambia nisilie, bado sijaambiwa wa kumlilia. Ni kweli. Basi nimekaa na machozi yangu na sijui niyaweke wapi.

Ndiyo maana naandika. Ngozi hizi kuukuu za kuandikia ni za abasia, nyumba ya watawa, upande mmoja zimejaa hesabu za kondoo. Mjomba, aliyekuwa mtawa pale, alinifundisha herufi kisha akaniachia ngozi alipokufa. Baba asijue! Yeye ni msema nasaba wa wafalme, kama baba yake na babu yake, na kwao neno likishaandikwa limekufa. Nasaba hutoka mdomoni ikaingia sikioni, basi. Mimi ni mtoto wake wa pekee. Nimeisikia kupitia ukutani tangu nikiwa mdogo na naijua yote. Lakini mwanamke haisemi.

Alhamisi, 24 Februari

Hakuna habari. Theluji. Samaki wa chumvi tena. Kwaresima ina siku arobaini na shangazi anajua kupika samaki kwa namna moja tu.

Baba ameniita Ela mara tatu leo. Ela ni mama, amekufa mwaka wa tisa huu. Mara ya tatu nimeitika.

Jumatatu, 28 Februari

Amekuja mtu wa Comyn.

Jina lake Bwana Malise, mpanda farasi wa vita, mtu wa Strathearn. Anasema lugha yetu vizuri, si kama mabwana wengine ambao nje ya Kifaransa hawajui hata kuomba maji. Ana mafua. Alikaa jikoni akapenga kamasi, akaomba radhi, akapenga tena. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na yale mafua yakaniharibia.

Maneno yake ni haya. Comyn atasimikwa kuwa mfalme hapa hapa Scone, juu ya kilima cha baraza, Jumatatu ya Pasaka. Jiwe ambalo wafalme wetu hukalia, Waingereza walilibeba miaka kumi iliyopita. Taji nalo wamebeba. Kimebaki nini cha kumfanya mtu mfalme? Kimebaki kinywa cha mzee Ferchar. Baba asimame mbele ya mabwana wote aseme nasaba ya mfalme mpya, tangu yeye hadi mwanzo, bila kosa. Akikosea, wale ambao bado hawajaamua watasema Mungu amekataa, watarudi makwao na panga zao.

"Na asipotaka?" shangazi akauliza.

"Atataka." Bwana Malise alinitazama mimi. "Binti Ferchar, mumeo yuko hai. Yuko kwenye ngome yetu huko kaskazini. Mzee akisema nasaba bila kosa, nitakuletea mume wako kwa mkono wangu. Akikosea, mimi sitakuwa na la kuwaambia wenzangu. Wanataka kumnyonga tangu siku ya kwanza."

Shangazi akammiminia bia nyingine. Bia yetu ya Kwaresima ni chungu kama dawa, na aliinywa yote.

Yuko hai. Nimeandika mara moja, naandika tena: yuko hai.

Jumatano, 2 Machi

Leo nimeanza kumfundisha baba. Mungu anisaidie.

Tofauti yenyewe ni ndogo. Nasaba ya Comyn na nasaba ya Bruce hukutana kwa David. Kuanzia David kwenda juu ni moja: Henry, David mkubwa, Malcolm, Duncan, majina mia na kitu, hadi Skota binti Farao wa Misri, mama yetu sote. Kabla ya David kuna majina manne tu. Comyn ni John, mwana wa Eleanor, binti Dervorguilla, binti Margaret, binti David. Bruce ni Robert, mwana wa Robert, mwana wa Robert, mwana wa Isabella, binti David. Watu wamechomana visu kanisani kwa majina manne.

Shida ni kwamba baba ameshafundishwa yale mengine. Vuli iliyopita, kwa siri, Bruce alipoanza kujiandaa, Gilbride alimchukua baba kila asubuhi mtoni akamfundisha. Kumbukumbu ya baba ilikuwa imeanza kuvuja tayari, kwa hiyo Gilbride akambunia njia. Kila Robert, fimbo igonge chini mara moja. Ko, ko, ko. Jina la Isabella baba hakuwahi kulishika. Alikuwa akifika hapo ananyamaza, anangoja, na Gilbride nyuma yake anasema, "Isabella, mzee." Hapo baba anaendelea, "Binti Daaavid," akilivuta jina vile wanavyolivuta kwao Gilbride, huko Carrick. Nilikuwa nawasikia nikifua nguo. Nilikuwa nawacheka.

Hilo ndilo jambo la mwisho ambalo kichwa cha baba kililipokea kabla hakijafunga mlango.

"Baba, sema nyuma yangu. John, mwana wa Eleanor."

"John," akasema. Akagonga fimbo. "Mwana wa Robert."

"Eleanor, baba."

"Robert," akasema kwa upole, kama anayemsahihisha mtoto. "Usiponiamini muulize Gilbride." Akagonga mbili zilizobaki, akanyamaza. Alikuwa anangoja. Akageuza kichwa kidogo, upande ule Gilbride alipokuwa akisimama.

Nilitoka nje nikapasua kuni ambazo hazikuhitajika.

Jumamosi, 5 Machi

Nawaza ule mlango wa kanisa. Wameingia wawili, ametoka mmoja. Kama angetoka yule mwingine, je?

Kama angetoka Bruce, leo ningekuwa nashona upya joho jekundu la baba kwa siku ya kusimikwa. Gilbride angekuwa juu ya paa anaziba pale panapovuja, analalamika kwamba mimi nashika ngazi kama mtu aliyelala. Baba angesema Robert, Robert, Robert, na mabwana wangepiga kelele za furaha. Sisemi kungekuwa na amani. Fahali wawili hawakai zizi moja, na hata akibaki mmoja, wapo ndama zao. Pengine huko yuko mwanamke mwingine, mke wa mtu wa Comyn, amekaa jikoni kama mimi anahesabu siku. Namhurumia. Lakini kama ingewezekana kubadilishana naye, ningebadilishana leo, tena nisingemuaga.

Upande wa Gilbride kitandani nimeweka magunia ya sufu. Ni kwa ajili ya baridi tu.

Alhamisi, 10 Machi

Shangazi ana akili kuliko baraza zima. Alisema, "Mnyang'anye fimbo. Mtoe kule mtoni. Mkalishe na wanawake."

Leo ilikuwa siku ya kupiga kitambaa kipya ili kikaze. Tulikaa wanawake sita kuzunguka ubao, sufu imelowa, tunaipiga na kuizungusha na kuimba ili mikono iende pamoja. Baba tukamweka katikati, ameshika pindo. Mimi nikayaingiza majina katika wimbo. John — piga — mwana wa Eleanor — piga — binti Dervorguilla. Wanawake wakaitikia. Kufika mzunguko wa kumi midomo ya baba ilikuwa inacheza.

"Hebu ngojeni," shangazi akasema. "Mfalme wenu huyu ametoka kwa wanawake tu? Eleanor, Dervorguilla, Margaret. Wanaume walikuwa wapi, wanakamua ng'ombe?"

"Walikuwa wanasubiri chakula," akajibu jirani mmoja.

"Na juu kabisa yupo mwanamke mwingine, tena Mmisri. Halafu eti mwanamke haisemi nasaba. Kuizaa aizae, kuisema asiiseme."

Baba alicheka hadi akakohoa. Kisha akasema, wazi kabisa, hakuna aliyemuuliza: "John, mwana wa Eleanor."

"Ng'ombe hazeeki maini!" shangazi akasema, na baba akamchapa kwa pindo la kitambaa kilicholowa. Sijafurahi hivi tangu vuli.

Jumatatu, 14 Machi

Bwana Malise amerudi kusikiliza. Baba amefika Dervorguilla salama. Margaret bado anateleza.

Nilimuuliza kama amemuona Gilbride. Amemuona. Amekonda, amefuga ndevu, ameumia goti lakini anatembea. Nikauliza kama amesema neno. Bwana Malise akafikiri, maana ni mtu anayetaka kurudisha kitu kama alivyokipokea. Akasema: ameuliza kama mzee bado anatembea mtoni asubuhi, na kama kuna mtu wa kumsaidia pale penye jina la nne.

"Mimi sikuelewa," Bwana Malise akasema. "Wewe unaelewa?"

Nikasema sielewi.

Naelewa. Nimebeba ujumbe huo siku nzima. Hakusema ananipenda, hakusema amenikumbuka, na angejaribu kusema mbele ya mtu yule angeharibu. Ameuliza jina la nne. Najua kilicho ndani yake.

Jumamosi, 19 Machi

Margaret! Mara mbili kati ya tatu.

Alhamisi, 24 Machi

Leo baba amesema yote. John, Eleanor, Dervorguilla, Margaret, David, na kuendelea hadi kwa binti Farao. Hakugonga kitu. Hakungoja mtu. Hakuvuta jina la David. Alisema "David" fupi, kama tunavyosema sisi watu wa Scone.

Shangazi alipiga magoti akamshukuru Mungu. Mimi nilisema nakwenda kuangalia kuku, nikasimama nyuma ya banda nikalia. Miezi hii yote hicho ndicho kitu pekee cha Gilbride kilichokuwa bado kinatembea ndani ya nyumba. Kilikuwa mdomoni mwa baba, na mimi nimekifuta. Nimekifuta kwa bidii, kwa wimbo, kwa siku ishirini na mbili. Nimefanya hivyo ili mwenyewe arudi. Najua. Nilijua na nikalia.

Jumapili, 27 Machi

Jumapili ya Matawi. Nitaandika ukweli kwa kuwa hakuna asomaye.

Baada ya misa shangazi alibaki kupiga soga. Jua lilikuwa limetoka kwa mara ya kwanza mwaka huu, barafu ya mto Tay imekatika, maji yanapiga kelele. Nilimshika baba mkono nikampeleka kule kule. Nilikuwa nimeificha fimbo chini ya joho langu tangu asubuhi. Kwa hiyo siwezi kusema ilitokea tu.

Nikampa. Aliipokea kama mtu aliyepewa mkono wake uliopotea.

"Robert," akasema. Ko. "Mwana wa Robert." Ko. "Mwana wa Robert." Ko. Akanyamaza, akageuza kichwa.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, mahali pale pale. Nikasema, "Isabella, mzee."

"Binti Daaavid," akasema baba.

Ilikuwa ni Gilbride. Nilifumba macho na ilikuwa ni yeye, amesimama hatua moja mbele yangu, viatu vimelowa. Nikamwambia baba, tena. Tumerudia mara tano. Mara ya tano ndiyo hofu ikaniingia, nikamnyang'anya fimbo, naye akanitazama kama mtu aliyepigwa.

Mara moja tu haitaharibu kitu. Nimejiambia hivyo njia nzima ya kurudi. Lakini haikuwa mara moja.

Jumanne, 29 Machi

Amesema nasaba ya Comyn bila kosa. Ila baada ya Dervorguilla alivuta pumzi ndefu kidogo. Kidogo tu. Shangazi hakugundua.

Ijumaa Kuu, 1 Aprili

Kanisani, watu wote wamenyamaza mbele ya msalaba, baba amegonga kiti kwa kidole cha shahada. Mara tatu. Bwana Malise alikuwa safu ya mbele na kichwa chake kiligeuka.

Nimemwambia shangazi kuhusu Jumapili. Nilidhani atanipiga. Badala yake akasema marehemu mume wake alikuwa na namna ya kukohoa kabla ya kuingia ndani, na kwamba baada ya kumzika, kwa mwaka mzima, yeye shangazi alikuwa akimwomba muuza samaki akohoe mlangoni. "Na yule bwana alikohoa?" nikauliza. "Alikohoa," akasema. "Lakini mimi hakuna aliyekuwa anyongwe kwa sababu ya kikohozi. Wewe ni mjinga, Bethoc."

Jumapili, 3 Aprili

Pasaka. Mayai hatimaye, na nyama. Yangu nimempa baba.

Scone imejaa. Farasi hadi kwenye bustani ya kabichi, mahema kuzunguka kilima, Kifaransa kila mahali. Bwana Malise amekuja kwa muda mfupi, mafua yamekwisha, amevaa vizuri. Alisema Gilbride yuko njiani, atafika asubuhi pamoja na walinzi.

Kisha akauliza, bila kunitazama, ile ya kugonga mara tatu ni nini.

"Ni uzee," nikasema.

"Mwambie uzee upumzike kesho." Hakusema kwa ubaya. "Wapo mabwana pale wanaongoja kosa moja tu, binti Ferchar. Moja tu wapate kwenda zao."

Tumefanya mazoezi mara saba na shangazi anapiga ubao. Saba bila kosa. Fimbo nimeizika kwenye nyasi za zizini. Kesho nitamshika baba mkono mimi mwenyewe, wamekubali kwa kuwa hawezi kupanda kilima peke yake. Mimi niwe mkono tu, walisema. Mkono hausemi.

Jumatatu, 4 Aprili

Tuko ghorofani katika abasia, chumba cha kuandikia. Mlango umefungwa kwa nje. Wino upo, kalamu zipo, na ngozi hii nilikuwa nayo kifuani. Baba amekaa kwenye kiti cha mtawa, karibu na moto, joho jekundu linafuka mvuke. Acha niandike kwa mpangilio.

Tulipanda kilima baada ya misa. Mabwana duara, maaskofu duara, watu wa kawaida nyuma hadi mtoni. Comyn amekaa kwenye kiti cha mbao ambapo zamani lilikuwa jiwe. Sikumtazama. Nilikuwa naangalia lango la abasia kama kuna mtu anachechemea.

Baba alisimama wima. Tangu nimjue hajawahi kusimama hivyo. Akasema baraka, sauti ile ya zamani, ile iliyokuwa inapita ukutani. Kisha: "John, mwana wa Eleanor, binti Dervorguilla."

Akanyamaza.

Nilisikia mkono wake wa kulia ukitafuta hewani. Ukashuka mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, hakuna cha kugonga. Akageuza kichwa kidogo. Alikuwa anangoja, na mimi peke yangu katika umati ule ndiye niliyejua anamngoja nani.

"Fimbo yangu iko wapi?" akasema, kwa sauti ile ile ya baraza. Na halafu: "Gilbride yuko wapi? Yeye ndiye anayelijua."

Mtu mmoja alicheka. Bwana Malise alifumba macho. Wazee wawili upande wa pili walikuwa wameshaanza kufunga majoho yao waondoke.

Nikasema, "Binti Margaret, binti David."

Sikunong'ona. Nilidhani nanong'ona, lakini nimeambiwa walisikia hadi mtoni. Baba akanitazama kama mtu aliyeamshwa. "Eh," akasema, "David." Akaenda. Henry, David, Malcolm, Duncan, wote, mmoja baada ya mwingine, mvua ikaanza na hakusimama, mia na kitu, hadi Skota binti Farao wa Misri. Hakukosa hata mmoja. Hajawahi kusema vizuri namna ile.

Alipomaliza hakuna aliyelipaza jina la mfalme kumshangilia. Kisha wote wakaanza kubishana kwa pamoja.

Bwana Malise alituleta hapa akinishika kiwiko. Ngazini aliniambia wamegawanyika. Nusu wanasema nasaba imesemwa, kamili, nani asiyesikia. Nusu wanasema imesemwa na mwanamke, kwa hiyo aliyekaa pale kitini si mfalme, ni mtu aliyekaa kitini. Askofu mmoja ameuliza kama Skota si mwanamke. Mwingine amemjibu Skota hakuwahi kusimama kilimani kumkatiza mzee.

"Na mume wangu?"

"Yuko chini. Ghala la abasia. Tangu alfajiri." Akatazama mikono yake. "Nilikuahidi bila kosa, binti Ferchar. Hata mimi sijui kama lile lilikuwa kosa. Wakishaamua nitapanda mwenyewe."

Yuko chini! Kati yetu kuna ngazi moja, ua na mlango wa ghala. Naweza kuona paa lake nikisimama juu ya kiti. Nimesimama juu ya kiti. Paa la nyasi, njiwa wawili, mlinzi anakula yai. Miezi mitano na nusu tangu aondoke, na sasa nikipiga kelele atanisikia. Sijapiga. Sijui kelele yangu ingehesabiwa upande gani.

Baba alikuwa analia anataka fimbo yake. Shangazi amekimbia zizini akaileta, na mlinzi wa mlangoni alimzuia, lakini Bwana Malise alikuwa bado ngazini akasema mwacheni mzee apewe kitu chake. Sasa anayo. Ametulia. Anatazama moto.

Baadaye kidogo: kelele za uani zimekwisha. Sikuona zilipokwisha, nilikuwa naandika. Hakuna Kifaransa tena. Njiwa tu.

Baba ameanza. Ameanza nasaba, taratibu, kama anavyofanya akifurahi. "Robert," amesema. Ko.

Nimemwambia, baba, nyamaza. Amenitabasamia. Ameanza upya.

Nyayo ngazini. Watu wawili. Mmoja ni Bwana Malise, mwendo wake naujua. Wa pili hasemi kitu, na viatu vyake havilingani, kimoja kinakanyaga kizito. Mlinzi, labda. Mlinzi aliyebeba kitu upande mmoja. Sitaki kuandika vingine.

Nimemziba baba mdomo kwa mkono wa kushoto. Naandika kwa wa kulia. Majina yanaendelea chini ya kiganja, ya moto, Robert, Robert. Nimesahau fimbo. Ko. Ko. Ko.

Nyayo zimesimama.

Nje ya mlango hakuna anayesema. Ufunguo haujazunguka. Baba amenyamaza na amegeuza kichwa kidogo, kama kawaida yake, anangoja jina la nne. Nimeondoa mkono wangu. Nangoja pamoja naye.